Lori linaingia upepo kila asubuhi, nimetoa mpaka nimechoka. Unaingilia wapi?

MwendoPole
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana wiki ya pili sasa naamka nalala na jambo moja tu. Naendesha lori la tani kumi, injini ya silinda sita, pampu ya nozeli (ile inayosukuma mafuta kwa presha kwenda kwenye nozeli zinazoyapuliza ndani ya silinda) ni ile ndefu ya zamani iliyokaa ubavuni mwa injini, haina kompyuta wala sensa ya maana. Tulibadilisha filta zote mbili, ile ya sepereta ya maji huku chini kwenye chesisi na ile kubwa ya juu kwenye injini, tukatoa upepo vizuri, gari ikawaka, tukapiga kazi mpaka jioni bila neno.

Kesho yake asubuhi napiga stata inawaka sekunde tatu nne hivi alafu inazima taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Napiga tena, injini inazunguka tu, na kwenye ekzosi hakutoki moshi hata kidogo. Nalegeza skrubu ya juu ya filta, napampu kwa mkono, yanatoka mapovu meupe mengi kama ya sabuni, naendelea mpaka yanakuja mafuta matupu, nakaza, inawaka. Kuanzia hapo mpaka jioni haina shida, inapanda mlima na mzigo kama kawaida. Nikilaza usiku mmoja tu, asubuhi ni yale yale.

Hakuna tone linalovuja. Nimelala chini ya gari na tochi, nimepitisha mkono kwenye kila paipu, pakavu kabisa. Mmoja kaniambia pampu ya nozeli imekufa ishushwe ikapimwe, mwingine anasema fidi pampu, ile ndogo inayovuta mafuta kutoka tenkini. Nimegundua vitu viwili, sijui kama vina maana: tenki likiwa limejaa kuna afadhali kidogo, na nikiegesha pua ikiwa imepanda mlima basi asubuhi ni balaa zaidi. Kabla sijaanza kufungua vitu vikubwa naombeni mawazo yenu.

Spana17
Mkuu hapo mbona rahisi, legeza nati za nozeli zote sita, piga stata mpaka mafuta yaruke kila moja, kaza. Upepo uliobaki kwenye paipu za juu ndo unakusumbua. Na siku nyingine filta mpya uijaze mafuta kabla ya kuifunga, hutahangaika hivyo.

FundiPampu
MwendoPole pole sana kaka, na nakuomba usishushe pampu ya nozeli bado. Maelezo yako yenyewe yameshajibu nusu ya swali.

Kwanza nimjibu ndugu yangu Spana17 kwa heshima. Kulegeza nati za nozeli ni kweli kunatoa upepo kwenye paipu za juu, lakini gari hii ikishawaka inafanya kazi siku nzima, kwa hiyo upepo wa jana umeshatoka wote. Huu wa asubuhi ni mpya, umeingia usiku. Unaweza kuutoa kila siku mpaka mwaka uishe, kama tundu lipo na kesho utaukuta.

Sasa sikiliza. Mfumo wa mafuta una pande mbili. Upande wa kwanza ni kuanzia ndani ya tenki, mpira, sepereta, mpaka fidi pampu, huu ni upande wa KUVUTA. Upande wa pili ni kutoka fidi pampu kwenda filta kubwa mpaka pampu ya nozeli, huu ni wa KUSUKUMA. Tundu likiwa upande wa kusukuma, mafuta yanatoka nje, utaona unyevu, utaona vumbi limegandia. Tundu likiwa upande wa kuvuta, injini ikifanya kazi hayatoki mafuta, unaingia upepo. Ndo maana umepapasa kote pakavu. Ukavu kwenye upande wa kuvuta si ushahidi wa uzima, watu wengi sana wanadanganyika hapo na wanaishia kununua pampu mpya.

Alafu hiyo ya pua kupanda mlima na hiyo ya tenki kujaa. Injini ikizimwa, mafuta yaliyomo kwenye paipu yanataka kurudi chini tenkini kwa uzito wake. Kama kila kitu kimeziba hayawezi kurudi, ni sawa na mrija uliouziba kidole juu, kinywaji kinaning'inia humo humo. Ukiachia kidole kidogo tu, kinashuka. Kwenye gari yako kuna mahali kidole kimeachia. Usiku upepo unaingia polepole, mafuta yanashuka, asubuhi yamebaki ya kutosha sekunde tatu tu. Ukipandisha pua, injini inakuwa juu zaidi ya tenki, yanashuka haraka. Tenki likijaa, mafuta yamesogea juu, yanashuka kidogo. Umeona?

Na mchana haikusumbui kwa sababu fidi pampu inasukuma mafuta mengi kuliko injini inavyokula, yanayobaki yanarudi tenkini kwa paipu ya ritani na vipovu vidogo vinaondoka nayo. Kinachozima injini ni upepo kuwa mwingi kwa mpigo. Mafuta hayabinyiki, upepo unabinyika. Pampu ya nozeli ikipata upepo inaubana kama unavyobana mpira wa miguu, na sindano ya nozeli haifunguki mpaka presha ifike kama bar 200 hivi, kwa hiyo hakitoki kitu. Hata hilo la kukosa moshi linasema hivyo hivyo: ingekuwa mafuta yanafika ila hayaungui ungeona moshi mweupe kwenye ekzosi wakati wa stata.

Fanya hivi. Chukua kidumu safi cha lita ishirini kijaze dizeli safi, kiweke karibu na lile tenki kwa usawa ule ule. Fungua mpira unaoingia kwenye fidi pampu, weka mpira mwingine mzima unaochovya kwenye kidumu. Kama utapata mpira unaoonyesha ndani ndo bora zaidi, mapovu utayaona kwa macho yako. Ritani iache ilivyo, itarudisha tenkini, kwa hiyo kidumu kitashuka haraka kuliko unavyofikiri, kiangalie kisiishe. Toa upepo, washa dakika kumi, zima, lala. Asubuhi ukipiga stata ikawaka na kukaa, basi fidi pampu, filta kubwa na pampu ya nozeli zote ni nzima na adui yuko kati ya tenki na fidi pampu. Isipowaka, tunarudi juu. Leta majibu.

Spana17
Sawa mzee, hapo kwenye mrija nimekuelewa. Ila mimi bado natilia shaka filta, maana kasema imeanza baada ya kubadilisha filta. Mara nyingi ile oringi (mpira wa duara wa kuzibia) ya zamani inabaki imegandia juu kwenye kichwa cha filta, mtu anafunga mpya juu yake, zinakuwa mbili, haikazi vizuri. Nimeshakutana nayo kwa macho yangu. Aangalie na hilo.

FundiPampu
Hoja nzuri sana hiyo, na aifanye leo leo kabla ya kidumu maana haigharimu kitu. Na washa za shaba kwenye zile bolti zenye tundu katikati, ukifungua weka mpya, ya zamani imeshabonyea kwa umbo la mwenzake.

Ila la kujaza filta kabla ya kufunga naomba niliseme vizuri. Ukimimina mafuta kwenye tundu la katikati, mara nyingi huo ndo upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Uchafu wowote uliokuwa kwenye kopo lako unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli bila kupita kwenye karatasi. Kama lazima ujaze, mimina kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni, polepole, yapite kwenye karatasi yenyewe. Mimi binafsi nafunga ikiwa tupu napampu kwa mkono, inachelewa lakini nalala usingizi.

BiMkubwa_Malori
Nafuatilia kwa makini. Fundi, samahani naingilia. Mimi nina malori mawili mapya kidogo, ya komoni reli, yaani mafuta yanakusanywa kwa presha kubwa kwenye paipu moja nene, reli, inayogawia nozeli zote. Juzi moja limeishiwa mafuta njiani, dereva akataka kulegeza nati za nozeli kama alivyosema Spana17, nikamzuia kwa sababu nilisikia ni hatari ila sikuwa na maelezo ya kumpa. Nilifanya sahihi?

FundiPampu
Dada ulifanya sahihi kabisa na pengine umemuokoa mkono. Kwenye komoni reli USILEGEZE paipu za juu, iwe stata inazunguka au injini inawaka. Reli inakwenda mpaka bar 1600, nyingine zinapita 2000. Mafuta yakitoka kwenye upenyo mwembamba kwa nguvu hiyo yanatoboa ngozi kama sindano, na glovu hazizuii. Mbaya zaidi ni kwamba kidonda kinaonekana kidogo mno, kitundu tu, mtu anafuta anaendelea na kazi, kumbe dizeli imeshatembea ndani ya nyama. Mtu akipata hivyo ni hospitali saa hiyo hiyo, akawaambie kabisa ni mafuta ya presha yameingia mwilini, asisubiri kivimbe. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa kusubiri. Hata hizi za zamani, anayelegeza nati asiweke kidole wala uso mbele ya mafuta yanayoruka, afunike na kitambaa na akae pembeni.

Kwa gari zako: ongeza mafuta ya kutosha tenkini, tafuta pampu ya mkono, nyingi iko kwenye kichwa cha filta au kwenye sepereta, pampu mpaka iwe ngumu mkononi. Kama filta zilikauka kabisa, kupampu mara mia na mia mbili si ajabu, usikate tamaa kwenye hamsini. Zenye pampu ya umeme, washa swichi bila kupiga stata, iache inguruma mpaka inyamaze, zima, rudia mara tatu nne. Upande wa juu utajitoa wenyewe stata ikizunguka. Ila stata usiishike zaidi ya sekunde ishirini hivi, pumzisha dakika mbili, rudia. Na dereva wako mwambie kuishiwa mafuta kwenye komoni reli si jambo dogo, ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, ikizunguka kavu inajisaga na vumbi la chuma linakwenda mpaka kwenye nozeli.

BiMkubwa_Malori
Asante sana fundi, leo leo nawaita madereva wote wawili nawasomea hili neno kwa neno.

GiaYaKwanza
Naongeza kidogo kwa wenye injini zile ambazo fidi pampu yake ina kale kamkono ka chuma ka kubonyeza chini juu, si kitufe cha kuzungusha. Ukikuta kamkono kalegevu hakasukumi kitu usiseme pampu imekufa. Kamu ya ndani, kile kivimbe kinachozunguka na injini na kusukuma pampu, imekaa juu, imeshaibana pampu. Zungusha injini kidogo tu, stata mguso mmoja, kamkono kanarudi na nguvu. Nilihangaika na hilo nusu siku mvuani kabla mzee mmoja hajapita akanionyesha.

Na wale wenye kikata mafuta cha umeme kwenye pampu, hakikisheni swichi iko oni mnapotoa upepo kwenye nozeli, la sivyo mtapiga stata mpaka betri iishe na mafuta hayapiti.

MwendoPole
Wakuu nimerudi. Asanteni kwa muda wenu.

Jana nimefungua filta zote mbili, oringi ni moja moja, imekaa vizuri, hakuna ya zamani iliyogandia. Washa za shaba nimebadilisha nne. Asubuhi ya leo kama kawaida, imewaka imezima. Kwa hiyo leo jioni nafunga kidumu. Nimepata kipande cha mpira unaoonyesha, kama mita moja na nusu.

MwendoPole
IMEWAKA. Stata ya kwanza kabisa, na ikakaa. Sikuamini, nikazima nikapiga tena, ikawaka. Mpira unaoonyesha ulikuwa umejaa mafuta mekundu-manjano safi, mstari mmoja, hakuna povu. Kumbe pampu zote mbili nzima! Na kuna mtu alikuwa ameshanipangia siku ya kuja kuishusha.

Sasa mzee naendaje hatua inayofuata?

FundiPampu
Alhamdulillah, tumepunguza gari lote likabaki kama mita tatu. Sasa rudisha mpira wa fidi pampu mahali pake, alafu hamishia kidumu nyuma zaidi, kwenye mdomo wa kuingilia wa sepereta. Yaani sepereta na mpira wake wa kutokea vimo kwenye jaribio, mpira wa kutoka tenkini haumo. Laza usiku mmoja. Ikiwaka, sepereta ni nzima na kosa ni mpira wa tenki au lile paipu linalozama ndani ya tenki. Isipowaka, ni sepereta, na hapo angalia kwanza kile kibomba cha chini cha kumwagia maji, kinapenda kulegea baada ya watu kubadilisha filta.

Usiruke hatua hata kama una haraka. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo ikapona, hutajua kilichokuwa kibovu.

MwendoPole
Nimelaza na kidumu kwenye sepereta, asubuhi imewaka stata ya kwanza tena. Kwa hiyo sepereta inatoka. Umebaki mpira wa tenki na paipu la ndani. Nimeangalia mpira kwa macho sioni kitu, ni mweusi, mkavu, wala haujachubuka. Naelekea kushusha paipu la tenki.

FundiPampu
Ngoja kidogo. Kabla ya tenki vua zile klipu mbili, uvute mpira utoke wote, uukunje kwa mikono yako hasa hasa sehemu iliyokuwa chini ya klipu. Ukiwa umefungwa pale hauwezi kuuona. Na kama hutaki kuvua, paka grisi nzito kuzunguka maungio moja moja huku injini inawaka na ule mpira wako unaoonyesha ukiwa umeungwa mbele. Utakapopaka mapovu yakakatika, ni hapo. Ila kwako vua, mpira wenyewe ni wa bei ya chini kuliko kazi ya tenki.

MwendoPole
Mzee Mungu akubariki. Nimeupata.

Upande wa tenki mpira mzima. Upande wa sepereta nimevua klipu, nimeushika mwisho wake nikaukunja, ukafunguka kama mdomo. Ufa umezunguka karibu robo ya mpira, mwembamba kama unywele, uko pale pale ambapo ukingo wa klipu unakaa, nusu ndani ya klipu nusu nje. Nikiuachia unajifunga, huoni kitu kabisa, ni mweusi safi. Mpira wenyewe ni mgumu kama plastiki, nikiubonyeza na kucha hauachi alama.

Na nimekumbuka, siku tunabadilisha filta utingo aliushika huo mpira akausukuma pembeni kwa nguvu ili chombo cha kufungulia filta kipite. Nilimwona. Spana17 ulikuwa sahihi kwamba imeanza siku ya filta, ila haikuwa filta yenyewe.

Nimeweka mpira mpya wa mafuta, klipu mpya mbili, nimetoa upepo kuanzia chini kwenda juu kama mlivyofundisha: kwanza skrubu ya sepereta, halafu ya filta kubwa, halafu ile ya kwenye pampu ya nozeli, kila moja nakaza huku bado napampu ili usirudi ndani. Nozeli sikuzigusa, stata ya pili ikawaka. Nimelaza usiku mbili mfululizo, pua juu ya mlima makusudi kabisa, tenki chini ya robo. Asubuhi zote mbili stata moja.

Spana17
Hongera sana mkuu. Nimejifunza na mimi, hilo la kidumu naanza nalo siku yoyote gari ikinizimia.

FundiPampu
Safi sana kaka, umefanya kazi ya fundi. Jambo moja limebaki: ule mpira mwingine, wa kutoka sepereta kwenda fidi pampu, ulifungwa siku moja na huu uliopasuka na umepata joto la injini zaidi ya huu. Ubonyeze na kucha. Kama nao hauachi alama, usiusubiri.

MwendoPole
Nimetoka kuubonyeza sasa hivi. Hauachi alama. Nauvua kesho asubuhi kabla ya kupakia.